Fundi Anayewakimbia Wateja kwa Agizo la Kliniki

Gauni la zambarau lilitakiwa Jumamosi iliyopita. Leo ni Jumatano, saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, na mwenye gauni amesimama mlangoni kwake na ufagio mkononi. Anamwona mwanamke mnene, aliyevaa fulana pana na raba za mwanawe, akija mbio upande wake. Anamtambua. Mwanamke naye anamtambua, na bila kupunguza mwendo anakata kona ya kushoto na kupotelea nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi.

"Fundi, gauni langu vipi?" anaita mwenye gauni.

"Niko mazoezini, dada," jibu linatoka nyuma ya duka, likiwa limekatika vipande viwili kwa kuhema.

Mkimbiaji huyo ni fundi cherehani wa mtaa huu, mwenye umri wa miaka arobaini na sita na mama wa watoto watatu. Watu humwita Mama Pindo. Hana mtoto anayeitwa Pindo. Jina alilipata kwa tabia yake ya kuacha pindo nene kwenye kila nguo anayoshona, ili mwenyewe akirefuka au akinenepa aachiwe kidogo na maisha yaendelee.

Mimi, niliyekuja kuandika habari zake, nampata upande wa pili wa duka, ameshika nguzo ya umeme kwa mikono miwili. Kona ile, kwa hesabu yake, imemwongezea mita mia tatu.

"Nikichelewesha nguo nyingi, nakimbia mbali zaidi," anasema. "Wiki ya kufungua shule nilikuwa nafika mpaka kule kwenye tangi la maji."

Anacheka, nami nacheka, lakini kesho asubuhi ana miadi ambayo haimchekeshi hata kidogo.

Miezi minne iliyopita alikwenda kliniki kwa sababu ya goti. Anasema goti lilikuwa linalia kama mlango. Muuguzi aliangalia goti, akaangalia mwenye goti, kisha akaleta mashine ya presha. Alimpima mara mbili, maana mara ya kwanza alidhani mashine imeharibika. Mia na sitini kwa mia moja. Mizani ikasema kilo tisini na nne.

Muuguzi hakupiga kelele. Alimwambia apunguze chumvi na sukari, apunguze kukaa, atembee kila siku, na arudi baada ya miezi minne. Presha isiposhuka, ataanza dawa na atazinywa kila siku ya maisha yake.

Swali ambalo kila mtu humuuliza ni moja: ilikuwaje mtu ambaye kazi yake ni kupima viuno vya wenzake asijue habari za kiuno chake?

Jibu lake ni la kifundi. Mtu wa kawaida hugundua amenenepa pale zipu inapogoma. Mama Pindo zipu haijawahi kumgomea. Kila alipohisi nguo inaanza kumshika, aliivua, akafumua mshono wa ubavuni, akaachia sentimita mbili, akaivaa tena na kuendelea na shughuli zake. Kwa siku hukaa kwenye cherehani saa kumi, na kinachofanya mazoezi ni nyayo peke yake.

"Miaka kumi na mitano nguo zangu zilinikaa sawasawa," anasema. "Nikawa najisemea, mimi bwana sinenepi."

Wiki ya kwanza ya mazoezi ilimfundisha jambo ambalo muuguzi hakuliandika kwenye kadi. Mtu mzima hapiti watu bila salamu, na fundi hapiti watu bila kuulizwa nguo. Alitoka nyumbani saa kumi na mbili, akarudi saa moja na nusu, akiwa ametembea mita mia nne na kuahidi sketi sita. Siku ya tatu mwalimu mmoja mstaafu, anayesubiri suruali yake tangu mvua zilizopita, aliamua kumsindikiza. Walikwenda naye bega kwa bega hadi mwisho wa barabara, mwalimu akieleza historia nzima ya suruali ile, na muda wote huo alikuwa na pumzi nyingi kuliko mwenye mazoezi.

Mumewe, mlinzi wa zamu katika ghala la nafaka, alikuwa akirudi kutoka kazini asubuhi ya Ijumaa akamkuta mkewe anakimbia na wanawake wawili nyuma yake. Alimuuliza amefanya nini. Alipoambiwa ni mazoezi, aliwatazama wale wanawake, akauliza kama nao wana presha.

Basi Mama Pindo akahamia uani, ambako hakuna wateja. Binti yake mkubwa, mwanafunzi wa chuo, alimwonyesha kwenye simu mazoezi ya kuvuta mpira: unaukanyaga mwisho mmoja, unaushika mwingine, unavuta mpaka juu ya kichwa. Mpira hakuwa nao. Alichokuwa nacho ni futi yake ya kupimia, utepe laini wa manjano wenye urefu wa mita moja na nusu, ambao huutoa shingoni wakati wa kuoga tu.

Akaikanyaga futi, akavuta. Mara mia mbili kila asubuhi, tumbo limebanwa ndani kama alivyoelekezwa. Akimaliza anaivaa shingoni na kwenda kazini.

Baada ya wiki tatu alijipima kiuno. Mia na kumi na mbili zilikuwa zimekuwa mia na kumi. Baada ya wiki nyingine tatu, mia na nane. Mwezi wa pili ulipokaribia kwisha, futi ilisoma mia na sita. Alipiga magoti pale pale uani akamshukuru Mungu, kisha akapata shida kidogo kuinuka.

Kilichomshangaza zaidi ni wateja. Fundi huyu ana daftari la vipimo vya kila mtu aliyewahi kumshonea, na kila aliyekuja mwezi ule alikuwa amepungua. Muuza mayai alikuwa amepungua sentimita nne. Mke wa fundi bomba, sentimita tano. Walitoka dukani wanatabasamu, wakarudi na vitambaa vipya, wakaleta na dada zao. Mama Pindo akaanza kuwapa ushauri wa afya.

"Nilidhani wananiiga," anakiri, akijifunika uso kwa fulana. "Nilijiona kama nimeleta mwamko mtaani. Nikawa nawaambia, mnaona? Mmoja akianza, wote wanafuata."

Mtu mmoja tu hakushangilia. Mama yake mzazi, mwenye umri wa miaka sabini na moja, anayeishi naye, alikuwa akikaa kwenye kigoda uani kila asubuhi kumtazama anavyovuta futi. Alisema mara moja tu kwamba yeye anamwona mwanawe yuko vile vile. Alijibiwa kwamba macho yameanza kuzeeka.

Ukweli uliletwa na kwaya ya kina mama. Walitaka sketi kumi na mbili za kufanana, na kwa kuwa ni watu wenye shughuli nyingi, mwalimu wao aliwapima mwenyewe kwa futi yake na kumletea fundi karatasi. Kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu, Mama Pindo alikata vitambaa kwa vipimo ambavyo hakuvichukua yeye. Alishona vizuri, akawahi siku, jambo ambalo lenyewe lilipaswa kumtia mtu wasiwasi.

Jumapili kwaya ilisimama mbele ya watu. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa kusimama wima na ulikwenda salama. Wimbo wa pili ulikuwa na mahali pa kuinua mikono. Wanawake kumi na wawili wakainua mkono mmoja mmoja, kwa sababu wa pili ulikuwa umeshika sketi kiunoni isidondoke. Waliokuwapo wanasema ilipendeza, walidhani ndiyo mtindo.

Jumatatu mwalimu wa kwaya aliingia dukani na mfuko wa sketi. Fundi akabisha kwamba amekata kama karatasi ilivyosema. Mwalimu akatoa futi yake mkobani, wakaziweka futi mbili sambamba juu ya meza ya kukatia. Zilianza pamoja. Ya mwalimu iliishia kwenye mita moja na nusu. Ya Mama Pindo iliendelea mbele kwa sentimita tisa nzima.

Ilikuwa imevutika. Mara mia mbili kila asubuhi, kwa miezi miwili. Wateja wake hawakugundua kwa sababu futi iliyowapima ndiyo hiyo hiyo iliyokata nguo zao, na nguo ziliwakaa vizuri. Mama Pindo akajipima kwa futi ya mwalimu. Kiuno kilikuwa mia na kumi na mbili, kama siku ya kwanza.

"Sikulia siku hiyo," anasema. "Nilikuwa na sketi kumi na mbili za kupunguza kiuno. Nililia siku ya pili."

Ilimbidi pia kuwarudishia wateja sentimita zao. Wengi walipokea kwa moyo mzito. Muuza mayai alikataa kabisa, na mpaka leo akija anaomba apimwe na ile ya zamani.

Wiki nzima Mama Pindo hakufanya lolote. Hakutembea, hakuvuta. Aliweka sukari kwenye chai kama zamani, akamwambia mumewe kwamba wengine wameumbwa wanene na presha itajua yenyewe pa kwenda. Ilikuwa imebaki miezi miwili arudi kliniki.

Hapo ndipo mama yake alipozungumza. Ili kuelewa maneno yake ni lazima mtu aujue mkono wake wa kulia, ambao hulala mapajani siku zote. Alikuwa fundi kabla ya binti yake, na cherehani iliyoko dukani ni yake. Akiwa na miaka hamsini na miwili alipatwa na kiharusi. Mguu ulirudi baada ya mwaka, kwa kuvuta. Mkono haukurudi.

"Mimi niliambiwa nirudi kliniki Jumanne," alimwambia bintiye. "Jumanne nilikuwa na nguo ya bibi harusi. Nikasema nitakwenda nikiimaliza. Nguo ilitoka nzuri sana, kila mtu aliisifia. Yule bibi harusi leo hata jina langu halijui."

Kisha akasema avalishwe viatu.

Tangu siku hiyo wanatoka wote wawili. Bibi hutembea na fimbo yake hadi kona ya kwanza, kwenye benchi la fundi viatu, anakaa. Binti anaendelea kuzunguka mtaa. Mteja akimwona Mama Pindo anapita, humkuta mama yake benchini, na hakuna mwenye ubavu wa kumpandishia sauti bibi wa miaka sabini na moja mwenye fimbo. Hupokea salamu, husikiliza malalamiko, kisha hutoa siku ya kuchukua nguo bila kumuuliza mshonaji. Huwa anapenda kusema Alhamisi.

"Ananiua," anasema Mama Pindo. "Nikirudi nakuta nina nguo tano za Alhamisi. Lakini nazimaliza, maana nikimwangusha yeye nitamweleza nini?" Mtaa wa nyuma, anakoishi mwenye gauni la zambarau, benchi halifiki, na huko bado kila mtu anajitegemea.

Wamefanya hivyo miezi miwili, siku sita kwa wiki. Safari hii hajajipima popote. Anasema ameshindwa kuziamini futi zote.

Alhamisi, saa mbili asubuhi, yuko kwenye foleni ya kliniki na kadi yake mkononi. Hataki mazungumzo. Anaponiona naandika, ananiomba nisiandike kwanza. Mguu wake wa kulia unakanyaga sakafu taratibu, juu chini, kana kwamba cherehani iko chini ya kiti. Anaitwa saa tatu na dakika ishirini. Anaingia, mlango unafungwa, nami nabaki nje na wasiwasi ambao sikutegemea kuwa nao.

Anatoka baada ya dakika kumi na tano na kunipa kadi niisome mwenyewe. Kilo tisini na moja. Presha mia thelathini na nane kwa themanini na nane. Chini yake muuguzi ameandika kwamba hataanza dawa kwa sasa, aendelee hivyo hivyo, arudi baada ya miezi mitatu.

"Kilo tatu," anasema. "Miezi minne, kilo tatu. Mfuko wa sukari wa kilo tatu unaubeba kwa mkono mmoja." Kisha anakaa kwenye kiti cha foleni na kulia kwa furaha, na mzee aliyekuwa karibu anamsogezea nafasi akidhani amepewa habari mbaya.

Nyumbani, mama yake anapokea kadi kwa mkono wa kushoto, anaitazama kwa mbali, kisha kwa karibu. Namuuliza binti mipango yake ni ipi baada ya hapa. Nilitarajia aniambie habari za kilo, au za duka, kwamba atanunua cherehani ya umeme.



"Nataka nifike miaka hamsini na mitatu na mikono yote miwili," anasema. "Hayo mengine nitayaona hapo hapo."

 Mama yake anaikunja kadi na kumrudishia.

"Basi kalale mapema," anamwambia. Ni saa nane mchana.