Mfarishi wa Mtoto wa Swafiya

Mwaka ule kabla ya vita vya Wajerumani, cherehani kijijini Matondoni ilikuwa moja tu, ya Jeilani. Aliileta kutoka mji wa Amu juu ya punda, kaifunika shuka kama bibi harusi, watu wakatoka milangoni kuitazama. Alishona kanzu, na kanzu zake hazikuwa na neno.

Basi wanawake wa mtaani walipomaliza kuunga vipande vya mfarishi, tandiko la pamba, wa kumpa Swafiya, Jeilani alijitolea mwenyewe. "Nileteeni niupige mashine. Thawabu zake zimwendee mamangu, Mungu amrehemu."

Swafiya alikuwa mja mzito, na mumewe homa imemchukua. Kila mwanamke alitoa kipande cha leso yake. Swafiya akatoa kikoi cha marehemu, kikawekwa katikati. "Siku ya saba nitamlaza mwanangu papo," alisema. "Babake hakumpakata. Basi nguo yake na impakate."

Mfarishi ulirudi siku ile ile aliyojifungua Swafiya. Mwanamkisi, mke wa nduguye Jeilani wa kwa baba, aliutandika kitandani pake. Pamba ilikuwa imekimbilia pembeni. Nguo ya chini imejikunja mikunjo mikunjo, na kile kikoi kimemezwa na mkunjo, umebaki mstari mmoja mwekundu. Naye alikuwa ananyonyesha; akamlaza mwanawe mwenyewe juu yake kujaribu. Mtoto akalia. Alipomwinua, mgongo una alama za mishono.

Mkwewe, Bi Hindu, akaupapasa. "Hunu ni mfarishi au jamvi?" Kisha akashusha sauti. "Lakini nyamaza, mwanangu. Mtu katoa sadaka, wewe uende kuitia ila? Tena shemejiyo, mkubwa!"

"Siitii ila, mama. Nitaufumua."

"Kwa siri?"

"Mbona kwa siri? Nakwenda kumwambia."

Akajitanda buibui, mtoto ubavuni, mfarishi kichwani.

"Shemeji, mkono wako haukosi shukrani," alisema mlangoni. "Ila umekunjana. Naomba ruhusa niufumue."

Jeilani hakuinua macho. "Mashine haikunji. Pamba yenu hiyo."

"Ulipiga bandi kwanza?"

"Bandi ya nini? Kanzu sipigi bandi."

"Kanzu ni nguo moja. Hizi ni mbili na pamba kati yake, zateleza. Usipozishika kwa bandi, mishono mirefu ya muda, kila moja yashika ndia yake."

"Haya, fumua! Na kucha zako hizo, mtoto ataota ndevu hujamaliza."

Mwanamkisi akaketi pale pale kizingitini, akaupindua mfarishi. Uzi wa chini ulikuwa umelegea, umelala sawasawa kama kamba ya kuanikia. Akaushika ncha, akavuta. Ukatoka wote, mstari mzima, bila kukatika.

Jeilani alisimamisha gurudumu. Akaja akainama, akavuta mstari wa pili mwenyewe. Ukatoka vile vile.

"Mungu wangu," alisema. "Na kanzu za watu je?"

"Kanzu hazina neno, shemeji. Hapa nguo ni nene, mashine imeelemewa."

Jeilani alivuta uzi uliobaki wote.

Mwanamkisi aliichambua pamba juani kwa vidole, akaitandaza upya, akapiga bandi toka pembe hadi pembe. Kisha akashona kwa mkono, mtoto akilia anamnyonyesha, akilala anashika sindano. Bi Hindu alinung'unika kutwa, na huku anamtungia uzi. Kikoi alikishona mwisho, mistari yake ikakaa wazi yote. Pindo alimpelekea Jeilani alipige mashine. Mara hii Jeilani mwenyewe aliipiga bandi kwanza.

Siku ya saba, kwa moshi wa udi, Swafiya alimlaza mwanawe katikati. Mtoto akajinyoosha, akapiga mwayo, akalala. Mamake akawa anafuatisha mstari mwekundu kwa kidole, polepole.

Nje, wanaume wakampongeza Jeilani kwa mfarishi.

"Pindo tu ndilo langu," akasema. "Kazi ni ya Mwanamkisi."