Mitalawanda ya Kitambaa Chekundu

Kila nnapofungua kichupa cha mafuta ya karafuu, namwona mama yangu uani kwetu Jang'ombe, miguu kainyoosha mbele yake kama mizigo ya mtu mwengine. Kutwa alifua nguo za watu, kisha akasimama foleni ya mchele na miguu ile ile mibichi. Kucha zake zilikuwa nene, za manjano, zinamomonyoka. Alikausha vidole kimoja kimoja, akazikata kucha, akazipaka mafuta hayo kwa pamba. Sikumbuki siku aliyosema zinapona.

Mlangoni mwa choo tuliweka jozi mbili za mitalawanda, vile viatu vya mbao vya kuogea. Yake aliifunga kitambaa chekundu. Siku moja alinikuta nimeivaa, akanivua kwa nguvu.

"Kwani mimi si mwanao?" nililia.

"Ndiyo maana nakuvua," alisema, kachoka hata kunitazama.

Nilinuna. Na kila akitoka, niliivaa makusudi.

Leo kucha yangu haitaki kupona. Ndara zangu nimezifunga kitambaa chekundu, na mjukuu wangu, tangu nimvue asubuhi, hasemi nami.