Kamba Zilizofupika kwa Wiki Moja

Mwenyekiti wa kwaya ya akina mama alipanda veranda yangu pale Sosiot siku ya soko, akaketi kwenye benchi la wateja, na benchi likalalamika. Kwapani alikuwa na kifurushi cha gazeti.

"Kijana, funga mlango."

"Mama, veranda haina mlango."

"Basi simama hapo mbele, watu wasione."

Ndani ya gazeti kulikuwa na sketi nzito ya sufu, ya miraba myekundu na kijani, bapa mbele na marinda tele nyuma. Ilikuwa ya meneja mmoja Mzungu wa shamba la chai, ambaye mpishi wake alikuwa shemeji ya mwenyekiti. Meneja huyo aliivaa kwenye sherehe za kwao, magoti nje, na hakuna aliyethubutu kumcheka. Mwenyekiti alimchungulia siku moja kutoka jikoni, na tangu hapo moyo wake haukutulia. Sasa alitaka kumi na nane za namna ile, ndefu za kufika chini ya goti, zivaliwe na kwaya nzima kwenye mashindano ya Silibwet mwezi wa Novemba.

"Hiyo irudi kwa sanduku kesho kutwa asubuhi," alisema. "Ikipotea, shemeji yangu hana kazi."

Nilikubali kabla hajamaliza. Wazazi wetu walikuwa wamefariki wote wawili ndani ya mwaka mmoja, nami, mkubwa wa watoto watano, nikaacha shule kidato cha pili nikakalia cherehani ya mama. Baba mdogo alikuwa amenipa hadi Krismasi. Kama cherehani haingewalisha wadogo zangu, angekuja kuwagawa kwa jamaa, mmoja kwake, mmoja Mulot, wengine popote, kama vifaranga. Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa huruma, na huruma ya namna ile haina mahali pa kuibishia.

Ili kuielewa sketi, niliivaa. Dada yangu wa miaka kumi akanipigia saluti na kuniuliza kama chai yangu niletewe na maziwa. Walipochoka kucheka nilihesabu marinda: ishirini na saba. Nikaona pia siri yake. Kila rinda hula kitambaa mara tatu, sehemu moja inayoonekana na mbili zilizojificha nyuma yake. Inchi moja ya kiuno si inchi moja ya kitambaa. Nikitoza bei moja, sketi ya mwenyekiti peke yake ingemeza faida ya wengine watatu.

Vipimo navyo vilikuwa na desturi yake. Kijana aliyekwisha kutoka jandoni hazungushi mkono kiunoni mwa mama wa vijana wa rika lake. Dada yangu angeweza kupima, ila wamama walimkataa, kwa sababu alikuwa na tabia ya kusoma namba kwa sauti. Kwa hiyo kila mama alijipima nyumbani kwa kamba ya katani, akafunga alama yake kwenye ncha, kifungo au uzi wa rangi, akatuma. Nilizitundika kamba zote kumi na nane kwenye msumari mmoja. Ya mwenyekiti, yenye kifungo cheupe, ilikaribia sakafu.

Kosa langu ni kwamba nilitangaza bei kabla ya kuandika vipimo. Nilimwambia katibu wa kwaya, mama mwembamba kama mpini wa jembe, kwamba bei itafuata urefu wa kamba. Katibu alifurahi mno. Alilitangaza jambo hilo mazoezini, mbele ya wote.

Kuanzia siku iliyofuata nilipata wageni.

"Nimekuja tu kusalimia," mmoja alisema, macho kwenye msumari. "Kamba yangu haijaanguka?"

"Niletee maji ya kunywa, kijana," alisema mwingine.

Nami nikaenda kuleta maji. Nilileta maji mara nyingi wiki ile. Jumamosi nilipozishusha kamba nianze kukata, kwaya nzima ilikuwa imekonda. Ile yenye kifungo cheupe nilimzungushia mdogo wangu wa darasa la nne. Ilimtosha vizuri.

Nilikaa nazo mapajani. Nikishona kwa kamba zile, sketi zingepasuka Silibwet mbele ya makanisa yote, na jina langu lingepasuka nazo. Baba mdogo asingehitaji kungoja Krismasi. Na ni nani angemwambia mwenyekiti kwamba kiuno chake ni cha uongo? Si mimi.

Basi nilikwenda mazoezini kanisani, kofia mkononi, nikasimama kwa adabu.

"Mama zangu, nilikosea," nilisema. "Sketi hii haiuzwi kwa kiuno. Inauzwa kwa rinda. Ile ya meneja ilikuwa na ishirini na saba kwa sababu yeye ni mkubwa. Karani wake, hata akitaka, hapewi zaidi ya kumi na nane."

Ule wa karani ulikuwa uongo. Bado sijautubu.

Kisha mwenyekiti akauliza polepole, "Na mwenyekiti wa kwaya?"

"Mama, hapo kamba ndiyo itasema. Kamba fupi haibebi marinda mengi."

"Ile kamba yangu," alisema bila kupepesa, "ilitafunwa na panya. Panya wa hiyo veranda yako."

"Hata yangu!" alidakia mwingine.

"Hao panya wako na njaa kweli," mama mmoja wa safu ya nyuma alisema, na kanisa likaangua kicheko.

Kamba mpya zilifika kabla ya Jumatano, ndefu kama za kufungia ng'ombe, na hakuna aliyelalamikia bei. Aliyebaki na shida ni katibu, ambaye kwa kiuno chake alistahili kumi na saba.

"Karani wa Mzungu anishinde mimi?" aliniuliza.

Nilimbania marinda membamba kama majani ya nyasi hadi yakafika ishirini na mbili. Mwenyekiti alipata thelathini na sita. Kule Silibwet walishika nafasi ya tatu kwa kuimba, lakini walipogeuka kutoka jukwaani, umati uliwaomba wageuke tena.

Baba mdogo alikuja wiki moja kabla ya Krismasi na gunia tupu la kubebea nguo za watoto. Alikuta wamama saba wa kanisa jingine kwenye benchi, na wadogo zangu wote wanne kazini, mmoja akipiga pasi ya makaa, mwingine akichoma pini. Alizunguka cherehani mara mbili. Dada yangu alimletea chai ya maziwa, na akainywa yote.

"Kwa hiyo hawaendi," alisema mwishowe.

"Hawaendi, baba."

Alilikunja gunia, akalikalia. Halafu akaingiza mkono ndani ya koti, akatazama barabarani kwanza, akanipa kamba ya katani iliyokunjwa.

"Mama yenu mdogo ameniambia nisirudi nayo."

Niliikunjua mbele ya wamama wote. Ilikuwa ndefu, na haikuwa na alama ya panya hata moja.