Daraja Nililolilipua Nikiwa Sekei

Niliacha shule kidato cha pili, na tangu hapo sijakaa kwenye kazi moja muda wa kutosha watu kunichoka. Nimefunga maua kwenye mashamba ya Usa River, nimeziba pancha Kikatiti. Nilipopanga chumba kwa bibi mmoja mjane pale Sekei, mchana nilikuwa nauza chaja za simu na jioni narusha ndege za kivita kwenye kompyuta kuukuu.

Gemu yangu ya kwanza ilikuwa na kampeni, yaani vita iliyogawanywa katika safari kumi na mbili zilizoandikwa tayari. Nilizikariri zote. Safari ya nne, ukilivuka tu daraja, ndege mbili za adui zinatokea kulia, nyuma ya kilima. Nikichelewa zinanisubiri. Nilikuwa nageuza pua ya ndege kabla hazijatokea, nafyatua, narudi kwenye chai yangu. Nikajiona rubani.

Rafiki yangu, fundi wa simu, alinitazama akasema hiyo si vita, ni igizo la Krismasi kanisani: wachunga kondoo wanaingia kwa mlango uleule kila mwaka. Akaniwekea gemu nyingine, ambayo kampeni yake haijaandikwa na mtu. Majeshi yanasogea yenyewe hata ukiwa umeenda kununua mkate, na kilichovunjika leo, kesho bado kimevunjika.

Siku ya kwanza nikaona daraja. Kwa mazoea nikalilipua, nikageukia kulia kungoja ndege mbili. Hazikuja. Lilikuwa daraja letu. Kesho yake malori yetu ya mafuta yalikuwa yamepanga foleni ng'ambo ya mto, na ndege zetu zikapewa mafuta ya safari moja tu kwa siku.

Tulibishana uani mimi na fundi, Bibi akichambua mchicha. Nililalamika kwamba kampeni yangu imeharibika kwa sababu ya daraja. Fundi akasema afadhali hiyo kuliko kampeni ambayo mshindi anajulikana kabla haijaanza. Uchaguzi wa mtaa ulikuwa umekaribia. Na Bibi alishanieleza siku niliyohamia kwamba hataki siasa nyumbani kwake. Marehemu mumewe aligombea mara tatu, akashindwa mara tatu, na mbuzi wote wakaliwa na wajumbe.

Jumapili, baada ya ibada, Bibi akarudi na mwenyekiti wa mtaa.

"Baba, kama ni kweli unagombea," Bibi akaniambia, "utafute chumba kingine."

Nilimwamkia mwenyekiti. Akaitikia marahaba bila kunitazama.

"Nasikia una kampeni."

"Ninayo, Mwenyekiti."

"Na hilo daraja?"

"Nimelilipua mwenyewe."

Bibi akatafuta kigoda, akakaa.

Ikabidi niwaingize chumbani, niwashe kompyuta. Nilianza na ile gemu ya zamani, nikamwambia mwenyekiti sasa hivi zitatokea mbili, kulia. Zikatokea. Akaomba nirudie. Zikatokea tena, na uso wake ukaanza kulegea. Nilipomwonyesha ile nyingine, akauliza nani atashinda. Nikasema hajulikani. Akauliza ni nani ameruhusu kitu kama hicho.

Bibi hakuwa na habari na ndege. Alitaka kujua kama nihame au nibaki.

"Mwache akae, mama," mwenyekiti akasema. "Mtu anayelipua daraja lake mwenyewe hawezi kuninyang'anya kura."

Bibi akakubali, kwa sharti kwamba daraja litengenezwe. Nilimweleza kwamba si mimi ninayelitengeneza, kuna wanajeshi mafundi humo ndani, wanajenga polepole, mradi adui asiwapige.

"Basi walinde," akasema.

Nikawalinda siku tisa kwa safari yangu moja ya kila siku, nikizunguka juu ya mto kama kunguru. Na kila asubuhi, kabla hata ya kunijibu shikamoo yangu, Bibi aliuliza mafundi wamefika nguzo ya ngapi.