Wameniaga Kazini, Lakini Mimi Sijaondoka

Admin, jina langu lifiche na kampuni usiitaje. Wakubwa zangu wa ukurasa huu shikamooni, wadogo zangu marahaba hata kama hamjaniamkia.

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na tatu. Watoto wangu wameshajitegemea, naishi na mume wangu hapa Sumbawanga, maeneo ya Katandala. Mimi ni fundi wa mitambo ya mtandao wa simu. Niliingia kazi hii enzi zile biashara ya simu ilipofunguliwa, kampuni binafsi zikaanza kusimamisha minara huku kwetu, na watu walikuwa wanaacha shughuli zao kuja kumtazama mwanamke aliyevaa suruali akipanda juu. Niliwazoesha. Nimesomesha watoto kwa kazi hiyo na mpaka leo naipenda, siwezi kuwadanganya.

Mwaka jana tuliletewa meneja mpya kutoka Dar, kijana mwenye umri wa mwanangu wa kwanza. Ana adabu sana, na hiyo adabu ndiyo iliyoanza kuniondoa. Kila asubuhi ananipa shikamoo ya kusikika ofisi nzima. Kwenye vikao ananiambia, "Mama, wewe kaa tu, vijana watafanya." Ulipoingia mfumo mpya wa kompyuta nilikwenda mafunzo pamoja na wenzangu wote. Najifunza kama wao na nakosea kama wao. Tofauti ni moja: kijana akikosea wanasema bado anajifunza, nikikosea mimi wanasema umri.

Sasa ofisini kwetu kuna desturi. Mtu akiondoka tunamfanyia sherehe, anavishwa kitenge, anapewa zawadi, naye anasema "nimepokea". Akishalisema neno hilo mbele za watu, hakuna anayetegemea kumuona tena kazini. Ndugu zangu, kumpunguza mtu mwenye mkataba wa kudumu ni gharama, lakini akiaga mwenyewe kwa furaha, kampuni haidaiwi kitu. Fundi aliyenifundisha kazi aliondoka hivyo hivyo. Hakuwa ameomba kuacha, ila alishavishwa kitenge watu wanapiga vigelegele, akaona aibu kukataa.

Jumamosi moja tukaambiwa kuna sherehe ya wafanyakazi wote. Nikapendeza, nikaenda. Kuingia ukumbini nakuta picha yangu kubwa ukutani, imeandikwa "Mapumziko Mema Mama Yetu". Nilidhani nimekufa na mimi sina habari. Wenzangu niliokula nao miaka yote walikuwa wamevaa sare, maana yake walichanga, wakashona, na hakuna hata mmoja aliyeninong'oneza. Hilo liliniuma kuliko la meneja. Meneja ni mgeni, desturi zetu angezijulia wapi kama siyo wao kumfundisha?

Nikakaa nikala pilau yangu, nikaongeza na nyama. Mshereheshaji aliponiita nikavishwe kitenge, nilichukua kipaza sauti nikasema, "Nashukuru kwa chakula, kilikuwa kitamu. Jumatatu tukutane kazini." Nikatoka. Jumatatu nikaripoti kama kawaida, na shikamoo nilipewa kwa sauti ya chini kidogo.

Nikajua nimeshinda. Katikati ya wiki nikatumwa Mpui kurekebisha mtambo, nikashinda huko kutwa nzima. Narudi jioni nakuta ng'ombe amefungwa uani kwangu. Jike, mweusi, amevalishwa utepe shingoni. Mume wangu anamlisha majani huku anatabasamu, nilikuwa sijamuona na furaha hiyo tangu astaafu ualimu. Anasema ofisi yangu imekuja na gari, meneja mwenyewe akiwemo, wamenisifia sana, yeye akashika kamba kwa mikono miwili akawaambia, "Tumepokea." Na picha wakampiga.

Kesho yake meneja akaniita. Akanionyesha ile picha kwenye simu yake, akasema kwa upole kabisa, "Mama, mzee amepokea kwa niaba ya familia. Mwisho wa mwezi huu tunakukabidhi kwa heshima." Nikamuuliza mkataba nilisaini mimi au alisaini mzee. Akacheka kidogo, akarudi kwenye kompyuta yake.

Nyumbani ndiko kuna moto. Nimemwambia mume wangu ng'ombe huyu anarudi. Yeye anasema mtu aliyelelewa vizuri harudishi ng'ombe aliyekwisha kumpokea, nitamvua nguo mbele ya mji mzima. Ameshamjengea banda. Jana alisema maneno ambayo sijayazoea kutoka kwake: "Miaka yote nimekula peke yangu wewe uko minarani. Huyo ng'ombe akitoka na mimi natoka." La kula peke yake ni kweli, na nampenda huyu mzee.

Lakini najipenda na mimi mwenyewe. Magoti yanauma asubuhi za baridi, nakubali, ila hayajaniambia niache kazi. Siku yangu ya kustaafu ikifika nitajiaga kwa mdomo wangu, na kitenge nitachagua mwenyewe.

Kwa hiyo msihangaike kunishauri kama ng'ombe nimrudishe au nisimrudishe. Jumatatu asubuhi, wakati wateja wamejaa, namfunga pale pale kwenye mlango wa ofisi, kisha naingia ndani naanza kazi. Na wewe unayetaka kuandika hapo chini "mama pumzika", anza kupumzika wewe.

Ninachoomba ni ushauri wa huyu mzee wangu tu. Tangu jana analala na ile kamba chini ya mto. Nimwambie nini, wapendwa, anipe kamba kwa hiari yake na abaki nyumbani kunisubiri?