Mama Aliyehesabu Viti Akasahau Nyuso

Saa nane na nusu mchana, kengele inalia na uwanja wa shule unajaa viti vinavyotembea. Kila mwanafunzi amejitwika chake, chenye namba ya rangi nyeupe mgongoni, anakipeleka ukumbini kwa saa mbili za kujisomea. Mlangoni amesimama Mma, yaani Mama, Galeboe Motsumi, daftari mkononi.

"Wewe, Tshepiso! Ukikiburuta tena hicho kiti, kesho utakalia kichwa chako!"

Watoto wanacheka. Yeye hacheki. Tangu muhula uliopita kicheko kimemkauka.

Mma Motsumi, mwenye miaka 51, ni msimamizi wa saa za kujisomea katika sekondari moja ya bweni karibu na Palapye, Botswana. Alama zake za nani amefika na nani hakufika huingia kwenye ripoti ya kila muhula, chini ya maksi za masomo. Anayekosa zaidi ya siku kumi na tano hupoteza kitanda bwenini. Kwa mtoto ambaye kwao ni kambi ya mifugo, kilomita sitini kutoka hapa, hiyo ni sawa na kuacha shule.

Wanafunzi ni 312. Kwa miaka minane hakuita majina.

"Ningeita mpaka giza liingie," anasema. "Nilikuwa nasimama nyuma, nasoma namba za viti. Kiti hakipo, mtoto hayupo. Nani hapa anakwenda kusoma bila kiti chake?"

Jibu alilipata siku wazazi walipokuja kuchukua ripoti. Baba wa Oratile, msichana wa kidato cha nne, alifungua bahasha palepale ukumbini. Siku 19, hayupo.

"Nilikuwepo, Mma!" Oratile alilia. "Kiti changu kilivunjika mguu, kikapelekwa karakana. Nilikuwa nakaa sakafuni, nyuma ya kabati. Siku moja uliniambia nikunje miguu usije ukanikanyaga!"

Mma Motsumi alikumbuka.

"Nilikufa ganzi," anasema. "Nilimwambia kweli. Kisha nikampita, nikamwandika hayupo."

Angeweza kunyamaza. Ripoti ilishapigwa muhuri, na mkataba wake huamuliwa upya kila Desemba. Alikwenda kwa makamu wa mkuu wa shule akiwa na baba na binti, akakiri. Ripoti ikasahihishwa, kitanda kikabaki.

Baba alimshukuru. Langoni akageuka, akauliza, "Na wengine je, Mma?"

"Angenitukana ningepata nafuu, Rra," ananiambia, akiniita bwana kwa Kitswana.

Likizo nzima hakulala vizuri. Aliazima daftari la karakana, lenye tarehe za viti vyote vilivyotengenezwa, akalilinganisha na madaftari yake ya zamani, ukurasa kwa ukurasa. Bado hajamaliza. Amepata jina moja: Gofaone, aliyeondolewa bwenini mwaka jana kwa kukosa siku 22. Siku hizohizo, kiti chake kilikuwa karakana. Sasa Gofaone anachunga ng'ombe wa mjomba wake.

"Mkuu wa shule ananiambia faili la mwaka jana limeshafungwa, nisichokonoe mambo. Nisichokonoe vipi? Nimeandika mimi, kwa mkono huu."

Jumamosi anakwenda kwenye kambi ya mjomba huyo, na madaftari mawili kwenye mfuko, la karakana na lake la mwaka jana. Anaogopa, na hafichi. Huenda mama yake Gofaone akamfukuza. Huenda kijana mwenyewe hataki tena kusikia habari za shule. Huenda Desemba ikaja na barua.

"Wakinifukuza nitakaa nje ya zizi. Watachoka wao."

Ukumbini anapita safu kwa safu, polepole, hata nyuma ya kabati. "Inua uso, mwanangu. Nikuone." Kazi ya dakika tano sasa inamchukua arobaini.

Mwisho wa orodha, chini ya jina la 312, ameongeza moja kwa kalamu, bila namba ya kiti: Gofaone. Miraba iliyo mbele yake yote ni mitupu.

"Naiacha hivyohivyo," anasema, akifunga daftari. "Sitamwandika tena hayupo kabla sijamtafuta."