Mpira wa Nyuma ya Migomba

Watu wakiniuliza kama nilipenda mpira enzi zile, nawajibu kwamba kwa miaka minane niliusikia tu, sikuuona. Wanacheka, wanadhani natania. Mume wangu alikuwa mkufunzi wa jiografia katika chuo cha ualimu nje kidogo ya Tukuyu, na kwa kuwa alikuwa na mapafu mazuri na saa ya mkononi, mkuu wa chuo alimkabidhi timu ya mpira. Hiyo ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Jiografia ilimpa mshahara. Mpira ndio uliomtoa kitandani alfajiri, akakanyage nyasi za uwanja peku ili ajue zimelowa kiasi gani.

Nami nilikuwa na sehemu yangu. Mipira ya siku zile ilikuwa ya ngozi, inafungwa kwa kamba kama kiatu, na mvua ya kwetu haimhurumii mtu wala ngozi. Kila Ijumaa niliukausha mpira kando ya jiko, mbali kidogo na moto, kisha nikaupaka mafuta ya ng'ombe, mshono baada ya mshono, mpaka vidole vikanuka ng'ombe hadi Jumapili kanisani. Niliujua ule mpira kuliko golikipa. Kesho yake ulikwenda uwanjani, na mimi nikaenda migombani.

Sababu ilikuwa baba mkwe. Kwetu sisi Wanyakyusa, mkamwana na baba wa mumewe hawaonani. Si ugomvi, ni heshima. Ukisikia anakuja njiani unaingia shambani, unajifunika kanga, unainama mpaka apite. Jina lake hulitaji, wala neno linalofanana nalo. Nilizaliwa Kisondela, nikalelewa hivyo, na jambo hilo halikunikera hata kidogo mpaka nilipoolewa na mwalimu wa mpira ambaye baba yake alikuwa na kichaa cha mpira.

Mzee alitoka Mpuguso kwa miguu kila Jumamosi ya mechi, na fimbo yake, na koti refu la jeshi alilorudi nalo kutoka vitani Burma. Alisimama karibu na kibendera cha kona, palepale siku zote. Sasa pale alipo yeye, mimi sipo. Wake wa wakufunzi wengine walikaa kwenye madawati yaliyotolewa nje, wakala karanga na kupiga vigelegele. Mimi nilisimama kwenye migomba nyuma ya goli, nikaona majani.

Mchungaji aliniambia kwamba kwa Wakristo hayo yamepitwa na wakati. Katibu wa tawi la chama akasema ni masalia ya ukabaila, na sisi tunajenga Ujamaa. Wote wawili niliwaambia nimewaelewa, nikarudi migombani. Mume wangu alitaka kumwomba baba yake awe anakosa mechi mojamoja ili na mimi nipate zamu. Nilimkatalia kwa ukali. Mzee yule starehe yake nyingine ilikuwa ipi? Lakini nisijifanye malaika, nilimwonea wivu. Kuna Jumamosi nilimchukia kabisa, nikamwombea mafua.

Na bado, nikifumba macho leo, ni kule migombani ninakorudi. Maji yanadondoka kutoka jani hadi jani. Ukungu unashuka taratibu kutoka mlima Rungwe, unaingia hadi ndani ya kanga. Macho hayakuwa na kazi, kwa hiyo nikayafumba, nikasikiliza. Mpira uliopigwa vizuri unatoa mlio mzito na mfupi. Uliopigwa vibaya unalia kama kofi. Mabeki wakichoka huacha kuitana. Wakati mwingine sikujua kama niko macho au naota, maana wanaume ishirini na wawili walikuwa wakikimbia ndani ya kichwa changu, kila mmoja na sura niliyompa mwenyewe, na juu yao wote sauti ya mume wangu.

Jioni moja nilipokuwa nampakulia ndizi nikamwambia, "Mwalimu, sentahafu wako amenyamaza tangu mapumziko. Ana nini?"

Akaacha kula. "Goti limevimba. Kanificha mpaka mwisho. Wewe umejuaje?"

Tangu siku hiyo, baada ya mechi aliniuliza mimi kwanza kabla ya kuwauliza wachezaji wake.

Kisha ikaja barua ya uhamisho kwenda chuo cha Singida. Siku zile mtumishi hakuuliza kwa nini. Taifa lilijengwa popote ulipopelekwa. Kabla ya kuondoka ilibaki mechi moja, dhidi ya chuo kutoka upande wa Mbeya. Nililia jikoni. Sikuililia Tukuyu. Nililia kwa sababu nilijua mume wangu anavyokula, anavyolala na anavyonyoa ndevu, ila sikuwahi kumwona akifanya kazi aliyoipenda kuliko zote, kwenye uwanja aliouanzisha kwa mikono yake, na sasa tulikuwa tunauacha.

"Niseme na baba?" akaniuliza.

"Thubutu! Na kwake ni ya mwisho."

Siku ya mechi, kipindi cha kwanza kilikwisha bila bao. Cha pili kilipoanza, ukungu ukashuka wote kwa mara moja. Mgomba ulio mbele yangu ukapotea. Wageni walikuwa wamekuja na lori la kuazima, nani angewaambia warudi wiki ijayo? Refa akapuliza kipenga, mechi ikaendelea. Punde nikasikia majani yakisukumwa.

"Mama watoto! Uko wapi? Njoo unisikilizie. Sioni hata kidole changu."

"Na baba?"

"Baba yuko kwenye kona yake. Haoni kitu, kama mimi tu."

Nikaenda. Nilimshika mkono wa shati, akaniongoza hadi nikakanyaga mstari wa chokaa. Nikasikiliza. "Wamejazana kulia," nikamwambia. "Kushoto hakuna mtu." Akapiga kelele kuelekea kushoto. Sauti ile niliijua miaka yote, lakini sikujua kwamba akipiga kelele anakunja ngumi na kufumba macho kama mtoto anayemezeshwa kwinini. Nilitaka kucheka. Nilifurahi mno, nikasahau mimi ni mkamwana wa nani.

Upepo ukaja kutoka mlimani. Ukungu ukapasuka, ukanyanyuka, uwanja wote ukawa wazi. Hatua tatu kutoka nilipokuwa, amesimama mzee mwenye koti refu. Naye alikuwa ameiacha kona yake, akamsogelea mwanawe ili asikie.

Vigelegele vikakatika. Mama mmoja kwenye madawati akasema, "Yesu wangu!" Nilijifunika kanga, nikainama, nikatafuta pa kukimbilia, na pande zote ilikuwa uwanja mtupu.

Mzee hakugeuza kichwa. Ule ukimya ulitosha kumweleza kuna nini. Polepole alilivuta koti lake mpaka likamfunika kichwa, akageukia migomba, akaketi kwenye nyasi zilizolowa, mgongo wake kwetu na kwa mechi yote.

"Mwalimu," akasema. Mbele za watu hata yeye alimwita mwanawe hivyo. "Mwambie huyo mtu asikimbie. Mpila bado."

Nilibaki. Uwanja niliokuwa nikiulilia ulikuwa mbele yangu, unafuka mvuke, jezi zimelowa, mume wangu anakwenda na kurudi kwenye mstari akiongea peke yake. Nilimtazama kidogo. Halafu macho yakanikimbia, yakaenda kwenye lile koti. Mila haijasema neno kuhusu mgongo, nilijiambia, nikautazama. Zilibaki dakika kama ishirini, za mwisho ambazo angewahi kuiona timu ya mwanawe, na yeye alikuwa akitazama migomba. Aliketi wima. Mpira ukipigwa, bega lake la kulia lilitikisika kidogo. Tulipofunga bao sikuliona. Nilichokiona ni mabega yake yakiruka, na mkono wenye fimbo ukichomoka ndani ya koti na kupanda juu.

Kipenga cha mwisho kilipolia nilikimbia kabla hajainuka. Wiki hiyohiyo tukaondoka. Mume wangu alifundisha mpira Singida, kisha vyuo vingine viwili, mpaka akastaafu, na kote huko nilikaa mbele, nikawazomea marefa. Nilikuwa hodari wa kuzomea. Baba mkwe alifariki mwaka wetu wa pili Singida. Barua ilitufikia ameshazikwa. Hakuwahi kupiga picha. Watoto wakiniuliza babu yao alifanana na nani, nawaambia wakamwulize baba yao. Mimi uso wake siujui.